Wanashinda midahalo, lakini insha zao hazisimami

*Swali:* "Nafundisha kozi ya balagha na mdahalo kwa wanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Mombasa. Timu yetu hurudi na vikombe, na darasani wanafunzi wanasema hadi raha. Lakini nikiwapa insha ya hoja, naletewa kurasa nne za madai yasiyo na mguu. Muhula uliopita nilidhani dawa ni kuwafundisha orodha ya hoja potofu, yaani makosa ya kawaida ya kutoa hoja. Imekuwa balaa. Sasa hakuna anayemaliza sentensi, mwenzake ashamwambia 'hiyo ni kumshambulia mtu' au 'huo ni mteremko', yaani kudai kwamba hatua moja itatuporomosha hadi mwisho mbaya. Mkuu wa idara anasema mdahalo ni burudani, niuondoe kwenye tathmini nibaki na insha. Baba yangu naye, ambaye ni mtu wa dini, huniambia nalipwa kuwafunza watoto wa watu ubishi. Je, niuache mdahalo? Na kwa kuwa nataka kuingia uzamifu (PhD) katika eneo hili, nianzie wapi?"

Mwalimu, pole kwa kazi. Nikikusoma vizuri, unaogopa kwamba unachokijenga kwa mkono mmoja unakibomoa kwa mwingine, na kwamba mkuu wako na baba yako wameliona hilo kabla yako. Kila mmoja wao ameshika chembe ya ukweli, nitarudi kwao. Uamuzi wangu nakupa mapema ili usisome ukiwa na wasiwasi: usiuache mdahalo, ila usiuendeshe kama unavyouendesha sasa.

Tuangalie kwanza kile ambacho mdahalo wa mashindano unamdai mwanafunzi. Katika mtindo wa bunge la Uingereza, unaotumika katika mashindano ya dunia ya vyuo vikuu, zinakutana timu nne, kila moja ya watu wawili. Mada inatangazwa dakika 15 kabla ya kuanza. Upande hauchaguliwi, unapangiwa. Kila mzungumzaji ana dakika 7, na intaneti haigusiwi wakati wa kujiandaa. Mwanafunzi akiyapitia hayo miaka miwili, atajifunza kusikiliza kwa makini, kupanga maneno haraka na kutotishika mbele ya watu. Huo ni ujuzi wa kweli, na nimewaona wahitimu wakila mkate kwa ujuzi huo. Lakini tazama asichodaiwa. Hadaiwi kuhakiki takwimu, kwa kuwa hana muda. Hadaiwi kusema "hapa sina uhakika", maana atapoteza alama. Na baada ya jaji kutoa uamuzi, hadaiwi kukaa chini na kujiuliza yeye mwenyewe, bila kupangiwa upande, anaamini nini na kwa kiasi gani. Insha inayadai yote haya. Kwa hiyo vikombe vyako havipingani na insha mbovu. Vinapima mambo mengine.

Ila hiyo ni nusu tu ya maelezo, na sidhani ndiyo nusu kubwa.

Mwaka 2011 Hugo Mercier na Dan Sperber, watafiti wa akili ya binadamu, walichapisha makala waliyodai ndani yake kwamba uwezo wetu wa kutoa sababu ulikua kwa ajili ya kujadiliana na watu wengine, wala si kwa ajili ya mtu kuwaza peke yake. Nadharia nzima bado inabishaniwa, na ni sawa ibishaniwe. Lakini kuna kipande chake ambacho mwalimu yeyote wa hoja atakitambua mara moja: binadamu ni mkali sana akikagua sababu za mwenzake, na mvivu ajabu akikagua zake. Tunaandika sababu ya kwanza inayotujia, na kama inakubaliana na tulichokwisha kukiamini, tunaiacha ipite.

Sasa mtazame mwanafunzi wako kwenye mdahalo. Uvivu wake hauonekani, kwa sababu kazi ya kukagua hoja zake anafanyiwa na upande wa pili, bure. Akiteleza, kuna mtu ameshasimama kumuuliza swali. Hoja yake inakomaa pale pale kwa kupigwa. Kisha mtazame huyo huyo saa tano za usiku, chumba cha kupanga kule Tudor, anaandika insha yako ya kukabidhi asubuhi. Hakuna anayempinga. Anadai, anadai tena, anahitimisha. Kinachokosekana kwenye zile kurasa nne ni mpinzani. Ufasaha anao, na mantiki anayo, umeyaona mwenyewe darasani. Kazi yako, kwa maoni yangu, ni moja: kumfundisha mwanafunzi kumbeba mpinzani wake hadi kwenye karatasi.

Ndiyo maana orodha ya hoja potofu haikukusaidia. Ulimpa silaha nyingine ya kukagua wengine, jambo ambalo tayari alilimudu, na hukumpa chochote cha kujikagulia. Kumfundisha mtu hoja potofu kabla hajaijua hoja nzima ni sawa na kumfunza kutafuta mwiba kabla hajaonja mnofu wa samaki: kila tonge atalishuku. Tena orodha zenyewe zina matatizo ya kitaaluma ambayo vitabu vingi vya kiada huyapita kimya. Mwanafalsafa Charles Hamblin aliyaanika tangu mwaka 1970, akionyesha jinsi waandishi walivyokuwa wakirithishana orodha zile zile na mifano ile ile bila nadharia inayoeleza kosa ni kosa kwa sababu gani. Baada yake Douglas Walton, wa Kanada, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba mengi ya hayo yanayoitwa makosa ni njia halali za kutoa hoja ambazo wakati mwingine hutumiwa vibaya. Kumtegemea mtaalamu si kosa. Swali ni kama ni mtaalamu wa jambo hilo hilo, kama wataalamu wenzake wanakubaliana naye, kama ana maslahi. Hata kumgusa mtu binafsi si kosa kila mara. Mwenye kampuni ya malori akisema reli imeiua Mombasa, kumuuliza anapata nini malori yakirudi barabarani si kumshambulia. Kuishia hapo na kukataa kutazama ushahidi aliouleta, hapo ndipo kosa linapoingia. Nakushauri muhula huu orodha uiweke kabatini, na kila aina ya hoja uifundishe pamoja na maswali yake. Atakayetaka kusema "hiyo ni hoja potofu" adaiwe kwanza kutaja swali ambalo msemaji ameshindwa kulijibu. Utaona makelele yanavyopungua.

Mpinzani anabebwaje kwenye karatasi? Mimi huanza na Stephen Toulmin, yule mwanafalsafa Mwingereza ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1958 aliigawa hoja tofauti na wanamantiki. Kuna dai. Kuna ushahidi. Katikati yake kuna kile nitakachokiita kiungo, yaani kanuni inayotuhalalishia kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai, ambayo aghalabu haitamkwi. Akaongeza kiasi cha uhakika wa msemaji, na "ila" za dai, yaani hali ambamo halisimami. Ukilisoma hivi ni kavu. Lipeleke bandarini.

Mwaka 2019 serikali iliagiza makontena yanayokwenda bara yasafirishwe kwa SGR, reli iliyofunguliwa mwaka 2017. Mombasa iliandamana. Agizo likaja kuondolewa Septemba 2022. Darasani kwako hakosi mtu mwenye mjomba aliyekuwa na lori Miritini au shangazi aliyeuza chakula kwa madereva, kwa hiyo utaletewa sentensi hii: "Agizo lile lilikuwa baya kwa sababu lilinyima watu wa Changamwe na Jomvu kazi." Kwa mwandishi imekamilika, kwani kiungo chake anacho moyoni. Mlazimishe akiandike. Baada ya kuhangaika kidogo ataandika: "Serikali isibadilishe njia ya kusafirisha mizigo ikiwa mabadiliko yatawapotezea wenyeji kazi." Sasa msomee kwa sauti kiungo chake na umuulize: je, makontena yenyewe? Yalipoingia bandarini, kazi ya mahamali waliobeba magunia kwa migongo ilipungua kwa kiasi gani? Kwa kanuni yako, makontena nayo yangepigwa marufuku. Utaona anavyonyamaza. Mpinzani ndio amewasili, na amepita mlango ambao mwandishi mwenyewe ameufungua. Hapo atakuja mwenzake na la pili: reli ilijengwa kwa mkopo wa China, na mkopo haulipwi na mabehewa matupu.

Angalia kinachotokea baada ya hapo, maana walimu wengi huishia pale kwenye kunyamaza wakadhani wamefundisha. Mwanafunzi hatakiwi kulitupa dai lake. Anatakiwa kulibana. Labda ataandika kwamba agizo lilikosea kwa kuwa halikumpa mwenye mzigo hiari, au kwa kuwa halikuwa na kipindi cha mpito kwa waliokopa benki kununua malori. Hilo ni dai dogo kuliko la kwanza, na kuliangusha ni kazi. Mwambie aliandike pamoja na "ila" zake. Ukurasa mmoja wa namna hiyo nauthamini kuliko zile nne.

Sasa mzee wako. Usimjibu harakaharaka kwamba taaluma ni taaluma. Ana msingi: imepokewa hadithi inayomuahidi nyumba pembezoni mwa Pepo mwenye kuacha ubishi hata kama yuko katika haki. Lakini Qurani yenyewe, katika Sura ya An-Nahl aya ya 125, inaamrisha kujadiliana kwa njia iliyo bora zaidi, na wanazuoni wa Kiislamu hawakuliacha jambo hilo hewani. Waliunda fani kamili ya adabu za munadhara, yaani mjadala wa kielimu wenye kanuni. Shamsuddin as-Samarqandi, aliyefariki mapema katika karne ya 14, aliandika risala iliyofundishwa na kufafanuliwa kwa karne nyingi. Ndani ya fani hiyo muulizaji ana mambo matatu ya kufanya. Anaweza kukataa tegemeo fulani la hoja na kudai lithibitishwe. Anaweza kuonyesha kwamba dalili ile ile, yaani uthibitisho wa mwenye dai, ikitumika kwingine inazaa jambo lisilokubalika. Au anaweza kuleta dalili yake inayofikia kinyume cha dai. Lile swali la mahamali ni la pili. Kila mmoja anajua ni lini mzigo wa kuthibitisha uko kwake na lini umehama, na mjadala una mwisho: ama mwenye dai ananyamazishwa, ama muulizaji analazimika kukubali. Wanazuoni wa baadaye waliongeza mambo ya mwenendo: usimkate mwenzako maneno, usimcheke, usimjibu kabla hujamwelewa.

Mpelekee mzee hilo, kwa heshima, na umuulize anaonaje. Pengine atakuwa na la kukufundisha, maana kama amesoma kwa mashehe wa zamani, huenda aliwaona wakibahathi kwa utaratibu huo. Nami nakushauri uutumie darasani bila kuona haya, hata kwa wanafunzi wasio Waislamu, kama unavyomtumia Aristotle bila wao kuwa Wagiriki. Sioni zana nzuri kuliko hiyo kwa tatizo lako, kwa sababu haimwachii mtu kusema "hoja yako ni dhaifu" na kukaa. Inamtaka aseme ni dhaifu kwa njia ipi kati ya hizo.

Kuhusu mkuu wa idara: shutuma yake ina umri mkubwa. Plato, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, ndani ya kitabu chake Gorgias, aliifananisha balagha, sanaa ya kushawishi kwa maneno, na upishi unaopendeza ulimi bila kujali afya. Aristotle aliandika kitabu kizima kinachoweza kusomwa kama jibu. Wewe huna haja ya kumjibu mkuu kwa kitabu, mjibu kwa mpango wa tathmini. Mwambie alama za jukwaani utazipunguza, na kila mdahalo utazaa maandishi mawili. La kwanza linaandikwa mara tu baada ya mdahalo: aya moja inayoeleza hoja yenye nguvu kuliko zote ya upande wa pili, na upande huo lazima utie saini kwamba ndivyo walivyomaanisha. Wakikataa, mwanafunzi aandike upya. La pili linakuja siku chache baadaye: kurasa mbili za hukumu ya mwanafunzi mwenyewe, bila upande, zenye takwimu zilizohakikiwa, zikieleza ni nini kingembadilisha mawazo. Ukiweza, kati ya hayo mawili wabadilishane pande wajadili tena kwa ufupi. Zoezi la kutetea pande zote mbili ni la tangu enzi za Wagiriki na Warumi, na halijawahi kuzeeka.

Nisikufiche gharama. Mpango huu una usahihishaji mwingi, na ukiwa na wanafunzi 120 bila msaidizi utachoka kabla ya muhula kufika katikati. Kwa darasa kubwa, fanya midahalo michache ya vikundi, wengine wawe majaji wanaoandika hukumu. Kusema kweli kiti cha jaji hufundisha uandishi kuliko kiti cha msemaji. Gharama nyingine: baadhi ya nyota wa timu yako watakulalamikia, kwa kuwa kusema "ila" kutawapunguzia makali jukwaani, angalau mwanzoni. Waeleze kwamba jukwaa na karatasi ni hadhira mbili. Chaïm Perelman na Lucie Olbrechts-Tyteca, waliochapisha kazi yao kubwa Ufaransa mwaka ule ule wa 1958, waliijenga nadharia nzima juu ya jambo hilo: hoja hupimwa mbele ya hadhira, na mwandishi makini huiandalia hadhira pana kuliko iliyoko chumbani.

Lugha hukuiuliza, ila nitaigusa. Kama midahalo yako yote ni ya Kiingereza, jaribu nusu yake kwa Kiswahili. Utashangaa ni hoja ngapi zilikuwa zimebebwa na vifungu vya kukariri kutoka mashindanoni.

Uzamifu sasa. Ombi langu la kwanza ni usiandike tasnifu ya kubandika lebo. Hotuba za mwanasiasa fulani zikipangwa katika masanduku matatu ya Aristotle, haiba ya msemaji, hisia za hadhira na mantiki, kisha hitimisho likasema amezitumia zote: kazi za aina hiyo zimetosha. Anza na swali ambalo jibu lake hulijui. Data iko mlangoni kwako. Ukipenda sheria, kuna hukumu za Mahakama ya Juu kuhusu kesi za urais za 2013, 2017 na 2022. Ile ya 2017, majaji wanne walifuta uchaguzi na wawili wakapinga, na pande zote mbili ziliandika sababu zao kirefu juu ya ushahidi ule ule. Ni nadra mtafiti wa hoja kupewa zawadi ya namna hiyo. Kuna taarifa rasmi za mijadala ya Bunge. Kuna mihadhara ya hadharani baina ya wahubiri wa Kiislamu na Kikristo, ambayo Mombasa inaijua vizuri. Ni tajiri, lakini watu wake wako hai na jambo lenyewe lina moto, kwa hiyo pima kifua chako kwanza.

Mimi ningekuwa na umri wako ningekwenda kwenye malumbano ya kishairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walitupiana tungo mwanzoni mwa karne ya 19, wakati miji hiyo miwili ilipohasimiana, na tungo za Muyaka zimechapishwa tangu mwaka 1940, kwa hiyo matini huna shida nayo. Tahadhari tu usiingie ukiwa umeshaamua kwamba mababu zetu walikuwa na kila kitu. Uliza jambo linalopimika. Kwa mfano: mshairi anapomjibu mwenzake, je, anajibu kiungo cha hoja yake, au anageuza fumbo lake na kumrudishia? Na je, sharti la bahari na vina linamlazimisha kubaki kwenye mada, au linampa nafasi ya kuikwepa? Unaweza kuzipima tungo hizo kwa kanuni za mjadala za Frans van Eemeren na Rob Grootendorst wa Amsterdam, na papo hapo uzipime kanuni zenyewe, kwa kuwa hazikutungwa zikimfikiria mshairi aliye vitani.

Kabla ya kurekodi mtu yeyote, hata darasa lako mwenyewe, pitia kamati ya maadili ya chuo, chukua kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na usome Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Wanafunzi wako wana ugumu wa kukukatalia, kwani alama zao ziko mkononi mwako. Omba mtu mwingine awaombe ridhaa.

Yako mambo ambayo mimi siwezi kuyatatua kwa maandishi. Mwanafunzi anayetetemeka au kugugumia hadi anakwepa darasa asilazimishwe jukwaani kwa imani kwamba atazoea. Mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi, na ikibidi kwa mtaalamu wa matamshi. Mdahalo ukishaacha vitisho au matusi ya kabila na dini nje ya darasa, usiumalize wewe peke yako kwa hotuba, mfikishie mlezi wa wanafunzi siku hiyo hiyo. Na kwa uzamifu, mtafute msimamizi ana kwa ana kabla hujajaza fomu yoyote. Usimwendee na mada. Mwendee na beti mbili tatu za malumbano, pambizoni ukiwa umeandika dai, kiungo, na mahali ambapo wewe mwenyewe umeshindwa kuelewa mshairi anajibu nini.